Bwana Miti na Visiki vya Kisimani

Ukimkaribisha nyumbani kwako, Bwana Miti hakukaa kwanza. Ulimwekea kiti, mkeo akaleta maji ya kunawa, naye yuko uani ameuinamia mpapai wako, anauliza nani kaufunga waya wa kuanikia nguo. Aliuzunguka kila mti uliokuwapo, akaupiga shina kwa kiganja na kutega sikio, halafu ndiyo akarudi kukaa, akiwa amekwisha jua nyumba hiyo inaendeshwaje. Kwangu alikuta mlimau mmoja uliojaa misumari niliyoipigilia mwenyewe ya kutundikia misumeno. Aliing'oa yote kwa koleo langu, mmoja mmoja, huku ugali unapoa. Mke wangu alicheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa na njaa.

Tulimwita Bwana Miti kwa sababu ndiyo kazi iliyomleta Bariadi. Idara ya misitu ilimtuma awahimize watu kupanda miti, wakati huo bado tuko Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Jina lake halisi analo na wanawe wanalitumia, lakini sitaliandika hapa, hakuwa mtu wa makuu. Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Somanda, si mbali na hospitali. Kwa hiyo tulikuwa watu wa kazi moja tuliosimama pande mbili. Yeye alitazama mti akaona kivuli, mimi nikaona mbao za futi kumi na mbili. Urafiki wetu ulikaa juu ya ubishi huo, na ulidumu kuliko ndoa nyingi ninazozifahamu.

Kitu kingine kilichomtambulisha ni salamu. Kisukuma alijifunzia kazini, na alikitembea kama mtu mwenye viatu vipya, lakini salamu alizijua kutuzidi sisi tuliozaliwa nazo. Asubuhi mwangaluka, mchana mwadila, kisha anauliza watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua, pamba, na yule mgonjwa wa juzi. Vijana wetu wa mjini walishaanza kufupisha, mambo, poa, basi. Yeye alishuka kwenye baiskeli kwa kila mzee. Kutoka karakanani kwangu hadi stendi ni mwendo mfupi tu, lakini ukitembea naye ulijua umepoteza asubuhi nzima. Nilimwambia mara nyingi kwamba angegombea udiwani angepita bila kupingwa. Alijibu kwamba diwani husalimia mara moja kila miaka mitano.

Nayasema haya mapema ili uelewe uzito wa adhabu aliyopewa. Kulikuwa na kijiji kimoja upande wa Nkoma ambako kwa miaka hakuna mtu aliyemsalimia. Si mwanamume, si mwanamke, si mtoto. Alikuwa anakwenda kule, anafanya kazi kwa jasho lake, anarudi, na hakuna aliyemfungulia kinywa. Ungemuuliza anataka nini hapa duniani, asingekutajia nyumba wala gari. Alitaka asalimiwe kule. Nitafika huko, lakini ukiijua adhabu bila kumjua mtu utamwonea huruma tu, na yeye hakuwa mtu wa kuonewa huruma.

Miaka ya ruksa ilipoingia, biashara ikaachiwa huru, maduka yalijaa vitu, mitumba ikamwagwa sokoni, na wanunuzi binafsi wakaanza kugombea pamba ambayo tangu zamani tulizoea kuipeleka mahali pamoja. Serikali nayo ikaanza kupunguza watu. Bwana Miti alipunguzwa. Barua alikuja kuisomea kwangu. Aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, na bahasha yake akaikunja mara nne akaichomeka chini ya mguu wa meza yangu iliyokuwa inayumba.

"Angalau kitu kimoja kimetulia leo," akasema.

Tulidhani atafunga mizigo arudi kwao. Badala yake alinunua msumeno wa mkono, akatafuta kamba nene ya mkonge, akatangaza kwamba sasa ni fundi wa miti. Tulimcheka. Mti unahitaji fundi gani, si unakatwa tu? Haukupita muda watu wakaanza kumfuata, na waliomfuata ni wale wale aliowahimiza kupanda. Mtu alipanda mwarobaini hatua tatu kutoka ukutani, na sasa unakwaruza bati kila upepo ukivuma, na mizizi inainua msingi.

"Nilikwambia hatua kumi," alimwambia mwenye nyumba. "Ulipima kwa hatua za kuku?"

Halafu akapanda. Akiwa juu hakuwa na utani. Tawi hakulikata kwa mkupuo mmoja kama tunavyofanya wengine. Alianza chini ya tawi, akauingiza msumeno kidogo, kisha akahamia juu, mbele kidogo ya pale, na tawi likaanguka bila kuchana ganda la shina. Mwisho alirudi akasafisha kishina kilichobaki, polepole, bila kuligusa shina lenyewe. Alisema kidonda cha mti hakishonwi, kwa hiyo ukate pale ambapo wenyewe utaweza kujifunika. Mimi nilikuwa nimekata miti maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri kwamba mti una pale panapouma na pale pasipouma.

Aliyeshika kamba chini alikuwa mkewe. Hakumwamini mtu mwingine. Mama yule alikuwa mfupi, mzito kidogo, na alisimama akiwa ameizungusha kamba kiunoni na macho juu, na ukimsemesha hakujibu. Siku waliyokosana nyumbani, Bwana Miti hakupanda mti. Ilikuwa sheria yake, na Somanda nzima tuliijua. Ukimwona asubuhi anazungukazunguka na msumeno begani bila kwenda kokote, ulielewa mambo si shwari. Mara moja mwenye nyumba mwenye haraka alikwenda mwenyewe kuwapatanisha, akabeba na sukari kilo moja, ili tawi lake likatwe kabla ya mvua.

Alikuwa na mambo aliyoyachukia bila subira. Alichukia mabango ya misumari, alichukia kuchoma taka chini ya shina, na zaidi ya yote alichukia chokaa. Kila mgeni mkubwa alipotarajiwa, miti ya barabarani ilipakwa chokaa kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. "Mnauvalisha mti soksi," alisema, "halafu maji hamuupi." Alisimama barabarani akawaambia hivyo wapakaji, nao wakaendelea kupaka, maana waliagizwa.

Lakini alijua pia kukubaliana na watu. Mnunuzi mmoja mpya wa pamba alikodi uwanja wenye mijohoro saba mikubwa, akataka yote iangushwe ili malori yageuke. Mimi nilikwishapiga hesabu ya magogo kichwani, niseme ukweli. Bwana Miti akaomba lori moja lijazwe robota za pamba, akapanda juu ya mzigo na panga, akamwambia dereva azunguke uwanja taratibu. Kila tawi lililomgusa kichwa alilichanja alama. Akashuka amejaa majani, akasema, "Haya ndiyo yanayokukwaza. Mengine yanakukwaza nini?" Yakakatwa yale tu. Msimu huo huo madereva walikuwa wanagombania kivuli cha kuegesha, na mnunuzi akawa anawaonyesha wageni mijohoro yake kama aliipanda yeye. Magogo yangu yakapotea hivyo.

Pengine palimshinda. Mwalimu mkuu wa shule fulani alitaka mwarobaini wa uwanjani ukatwe shingo, ubaki nguzo, uchipue upya. Bwana Miti alikataa. Alieleza kwamba matawi yatakayoota pale yatakuwa yameshikwa na ganda tu. Mwalimu mkuu akaita vijana wa kupita, wakaukata shingo kwa nusu siku. Ulichipua vizuri, ukapendeza, watu wakamcheka Bwana Miti. Mwaka wa tatu tawi moja likachomoka lenyewe bila upepo, likaangukia choo cha walimu, bahati nzuri hakikuwa na mtu. Akaitwa kuja kusafisha. Mtu mwingine angenyamaza kwa heshima. Yeye alisema "niliwaambia" mara tatu, na mara ya tatu alikuwa juu ya mti, shule nzima ikasikia.

Msinielewe kwamba alikuwa malaika wa misitu. Kwake alipopanga, Bwana Miti hakuwa na mti hata mmoja, uwanja mtupu umefagiliwa mpaka unang'aa. Nilipomuuliza alisema mwenye nyumba hataki mizizi, na baadaye nilipomuuliza mwenye nyumba akasema hajawahi kuambiwa chochote. Mkaa alipikia kama sisi sote, na alibishana na wauza mkaa kwamba gunia halijashindiliwa. Ijumaa alimvizia mchuuzi wa sato, samaki wa ziwani, anayetoka Lamadi, na sato wake alitaka wabanikwe kwa kuni za mkwaju, si nyingine. Na kitanda! Alinitengenezesha kitanda cha mninga, chenye ubao wa kichwani uliochongwa. Nikamwambia, wewe unalia kila mninga ukiangushwa. Akasema, "Huu umeshakufa. Ukiuchonga vibaya ndiyo utakuwa umekufa bure." Akakaa pembeni siku nne akiniangalia nachonga.

Sasa kile kisima.

Kilikuwa kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kando ya mbuga, kikitumiwa na kijiji kizima, na ng'ombe walikuwa wanakikanyaga kingo. Bwana Miti, enzi za mshahara, alikizungushia mikaratusi. Ilikua upesi mpaka watu wakashangaa. Wakubwa walikuja kutoka mkoani wakapiga nayo picha. Baada ya miaka michache maji yakaanza kushuka. Wanawake wakaongeza kamba za ndoo. Wakaongeza tena. Mwishowe ndoo ilipanda na tope. Kwanza waliilaumu mvua, kisha mama mmoja mwenye kauli pale, ambaye mimi nilizoea kumwita Mayu wa kisimani, mayu ni mama kwa Kisukuma, akasema mvua ni ile ile na kisima cha ng'ambo kina maji. Tofauti ni miti ya serikali.

Kijiji kikaikata yote. Niliyenunua nguzo zile ni mimi, sifichi, na zilikuwa nguzo safi. Mvua za kwanza zilipopiga, kila kisiki kikatoa machipukizi kumi. Walikata mti mmoja wakapata kichaka, na kichaka nacho kinakunywa. Wazee wengine wakaanza kunong'ona kwamba Bwana Miti aliitia dawa.

Akaitwa kwenye dagashida, mkutano wa kijiji. Bado alikuwa mtumishi, angeweza kukimbilia kwa wakubwa wake kulalamika kwamba anadhalilishwa. Alikwenda. Nilikuwapo, nilikuwa nimefuata nguzo za mwisho. Alisimama katikati ya watu akasema kosa ni lake. Hakutaja idara wala mvua. Ng'ombe wa kumtoza hakuwa naye, na watu wakawa wanatazamana, hawajui wamfanyeje mtu asiye na ng'ombe. Ndipo Mayu wa kisimani, aliyeruhusiwa kusema kwa sababu maji ni ya wanawake, akanyanyuka.

"Huyu anapenda salamu," alisema. "Basi asisalimiwe."

"Mpaka lini?" mzee mmoja akauliza.

"Mpaka sisi tuchotao tutakapoona imetosha."

Kwetu hiyo si adhabu ndogo. Mtu aliyewakosea wenzake hutengwa, haombwi moto, haazimwi jembe, haitwi msibani, na akipita ni kama upepo umepita. Mwenyeji atalipa mbuzi, atalipa fahali, ilimradi yaishe. Bwana Miti hakuwa mwenyeji, angeweza kuacha kupita njia ile na maisha yakaendelea. Wiki iliyofuata alikuwa pale kisimani na jembe na panga.

Mkaratusi haufi kwa kukatwa, ndicho alichotaka kuwaonyesha, au kujionyesha. Lazima ukifukue kisiki mpaka chini ya udongo, ukibandue ganda lote, ukifukie, kisha urudi kila baada ya wiki kadhaa kuvunja machipukizi kabla hayajapata majani ya kukilisha. Ukipitisha mwezi na nusu, umeanza upya. Aliendelea hivyo alipokuwa na mshahara na alipopunguzwa, mvua na kiangazi, anaondoka Bariadi alfajiri na baiskeli. Mimi nilimshauri amwage oili chafu juu ya visiki, kazi iishe. Alinitazama kama nimemtukana mama yake. "Kisimani? Nimwage oili kisimani?" Hakuja karakanani siku mbili.

Niliandamana naye mara moja, nikajuta. Alimsalimia kila mtu tuliyempita, kwa jina, kwa ukoo, na mwangaluka zake zote. Watu walitazama pembeni. Mimi walinisalimia vizuri tu, wakaniuliza hali ya mke wangu, naye amesimama ubavuni mwangu. Nilitamani ardhi inimeze. Kisimani palikuwa na kitoto cha kike, miaka minne hivi, kikajibu "mhola", salama, kwa sauti, na mama yake akakifunika mdomo kwa kiganja. Tulirudi jioni nimechoka na nina hasira. Yeye alikuwa anapiga mluzi. Kwa siku tatu alimsimulia kila aliyeingia karakanani, "Yule mtoto amenijibu."

Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa. Nilikuwa napiga randa mlango, yeye anakusanya maranda kwa ajili ya mkewe kuwashia moto. Watu wanakosea, nilimwambia, na wewe uliagizwa.

"Niliagizwa nipande mti utakaoonekana upesi," akasema. "Nilikuwa najua mkaratusi unakunywa. Nilisoma. Nilijua, nikapanda, kwa sababu mkubwa alikuwa anakuja na nilitaka aone miti mirefu." Akafunga mfuko wa maranda. "Walinituhumu kwa dawa. Afadhali ingekuwa dawa."

Nikaendelea kupiga randa mpaka mlango ukawa mwembamba kuliko mwenyewe alivyoagiza.

Kisha akaja siku moja na uso ambao sikuuzoea. Alikaa kwenye benchi bila kukagua mbao zangu, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Maji yamerudi," akasema.

"Wamekuambia?"

"Nani aniambie? Kamba zao zimefupishwa. Ndoo inapanda upesi. Wamechota mbele yangu, maji safi."

Nikanyoosha mkono nimpongeze. Hakuupokea. Alisema anajua si kazi yake peke yake, huenda na mvua za miaka ile zilisaidia, hataki kujisifu. Lakini maji yamerudi na hawajamsalimia. Amekaa pale tangu asubuhi akingoja, akidhani labda ni leo. Mayu wa kisimani alichota ndoo mbili akampita.

"Basi hawatanisalimia kamwe," akasema. "Nilifikiri ni adhabu. Kumbe wananichukia."

Niliwakasirikia watu wale kwa namna ambayo sijawahi kumkasirikia hata mteja aliyekimbia na meza. Nikamwambia aache, visiki vikichipua na vichipue, wakate wenyewe. Akasema hapana, visiki bado vina uhai. Akaendelea kwenda. Mwaka mzima, na mwingine, na salamu hakuna.

Goti lake la kulia ndilo lililomwangusha mwisho. Liliota uvimbe, baiskeli ikamshinda, na kupanda miti akaacha, ingawa mkewe aliendelea kuitunza ile kamba. Wakati huo mimi nilikuwa na pikapu, kuukuu, iliyonunuliwa mkono wa tatu, ya kubebea mbao. Asubuhi moja akaja anachechemea.

"Nipeleke Nkoma," akasema. "Nimepitisha miezi miwili. Vitakuwa vimechipua."

Nilikuwa na kabati la watu la kumaliza. Nikaliacha. Njiani hakuzungumza sana, alitazama mashamba ya pamba na kunionyesha ngitili moja, yale majani yanayotengwa kwa ajili ya ng'ombe wakati wa kiangazi, jinsi vichaka vilivyorudi vyenyewe pasipopandwa na mtu. "Ona," akasema. "Hapa hawakumwita Bwana Miti." Na akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kisimani walikuwapo wanawake wanane hivi. Akawasalimia, mmoja mmoja, akiegemea mlango wa gari. Kimya. Mayu wa kisimani alikuwapo, amezeeka, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana kuchota wanachota wakweze. Akamsalimia naye. Mama yule akatazama mbuga.

Akaanza na kisiki cha kwanza, mimi nikimshikia jembe. Hakikuwa na chipukizi. Akafukua, akakigonga, kikatoa sauti ya kibuyu kitupu. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu alikishika kwa mkono kikamegeka, ndani mchwa watupu. Tulivizunguka vyote. Cha mwisho, kile kikorofi cha upande wa jua lichwealo ambacho alikuwa anakilaani kwa miaka, nilikisukuma kwa mguu kikang'oka chote na mizizi yake iliyooza. Bwana Miti akakaa chini kwenye udongo. Nilidhani goti.

"Vimekufa," akasema.

"Si ndicho ulichotaka?"

"Ndicho." Akapangusa panga lake kwa majani, akalipangusa tena. "Sasa sina sababu ya kuja huku."

Nikamwinua, nikampeleka garini, nikawasha. Nilitaka kuondoka upesi asiwaone tena wale watu. Ndipo nikaona kwenye kioo cha pembeni Mayu wa kisimani anakuja, ameshikwa mkono na binti mmoja, na wale wengine nyuma yao, wameacha ndoo zao chini. Akaja mpaka dirishani kwa Bwana Miti. Akapiga goti kidogo, kwa shida, kama mama zetu wanavyofanya kwa mtu wa heshima.

"Mwangaluka, baba," akasema.

Bwana Miti alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Mtu aliyejua salamu zote za Usukuma alimwangalia mama yule, midomo inachezacheza, na jibu lilelile la neno moja limempotea.

"Mwangaluka," akarudia mama. "Umesahau? Miaka yote hii unatupigia kelele za salamu, leo umesahau?"

Wanawake wakaangua kicheko, na hapo na yeye akacheka, na jibu likapatikana humo humo kwenye kicheko.

Mimi sikucheka. Nilizungusha shingo nikamwambia yule mama bila adabu, kwamba maji yamerudi zaidi ya miaka miwili, na huyu amekuwa akija na goti bovu, na wamemfanya alie karakanani kwangu. Hakulia, lakini nilikuwa na hasira.

"Maji yalirudi, ndiyo," akasema Mayu wa kisimani, ametulia kabisa. "Tulikaa wenyewe wachotaji, tukasema, huyu tukimsalimia ataridhika. Akiridhika hatakuja. Na visiki vilikuwa bado vinachipua. Nani angekuja kuvivunja? Hawa waume zetu?"

Kicheko kingine, kikubwa zaidi.

"Kwa hiyo hamkunichukia," akasema Bwana Miti, taratibu, kwa sauti ya mtu anayejaribu tawi kabla ya kulikanyaga.

"Tukuchukie, tukutunzie jembe lako lisiibiwe kila ulipolisahau hapa? Binti yangu amevigonga visiki viwili asubuhi ya jana, akaja mbio kuniambia vimeoza. Tumekungoja tangu jana, uvihakikishe vyote mwenyewe."

Aligeuka akavitazama visiki vilivyozunguka kisima.

"Sasa vimekufa vyote," akasema hatimaye. "Sina kazi tena huku, mayu. Nije kufanya nini?"

"Njoo kusalimia," akasema yule mama.

Bwana Miti akatafuta kitasa cha mlango, akashuka na goti lake lile, akapangusa mikono kwenye suruali, akaanza upya kutoka mwanzo, mmoja mmoja, kwa jina, kwa ukoo, watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua, pamba, huku machozi yanamtiririka na hayapangusi, nao wanamjibu wote, mpaka watoto. Nikazima gari.